Kumvua mtu barakoa si kumvua nguo

Njia ya mwongo ni fupi, walinena wahenga. Sisi tuliorithi methali hiyo tumeigeuza kuwa kibali cha kumkimbiza kila tunayemdhania kuwa mwongo, tena tunamkimbiza huku tukicheka. Leo, ndugu msomaji, naomba nitoe ushahidi dhidi ya nafsi yangu, kwani mimi ni mmoja wa hao waliocheka.

Sisi tuliosoma pamoja katika shule moja ya upili ya mashambani, shule nisiyoitaja kwa kuwa haina kosa lolote, tuna chama chetu cha kuchangiana nyakati za harusi na matanga. Habari zetu tunapashana kwa simu, katika kundi la WhatsApp lenye watu wapatao mia moja. Miaka michache iliyopita aliingizwa humo mtu aliyejitambulisha kwa jina la kike la kwetu. Nambari yake ilikuwa ya ng'ambo. Picha hakuweka, mahali pa picha palikuwa na ua jekundu. Alieleza kwamba yuko katika nchi moja ya Ghuba akifanya kazi za nyumbani, kwamba mwajiri amemnyang'anya pasipoti na hajamlipa kwa miezi minne, na kwamba anawaomba wenzake wa zamani wamsaidie kupata nauli ya kurudi nyumbani.

Hakuna aliyemkumbuka. Basi yakaanza maswali. Mmoja wetu aliuliza, "Dada, mwalimu wa Hisabati tulimbandika jina gani?" Hakujua. Mwingine akataka kuambiwa bawabu wa lango alichechemea mguu upi. Akajibu, akakosea. Wa tatu akauliza ni bweni lipi lililoungua tulipokuwa kidato cha nne. Hapo mgeni wetu alinyamaza kwa muda, kisha akaandika kwamba wakati huo hakuwapo.

Kicheko kilichofuata sitaki kukisimulia chote. Mmoja alimtungia beti za kejeli. Mwingine alidai kwamba Kiswahili chake ni cha mwanamume. Wa tatu alitoa hukumu kuwa huyo ni kijana wa mjini aliyeketi baa akitafuta mtu wa kumlipia bia. Kabla ya magharibi alikuwa ameondolewa kundini, na mweka hazina wetu akamiminiwa shukrani kwa kuziokoa fedha za chama. Swali la bweni niliuliza mimi. Usiku ule nililala nikijiona wakili hodari.

Baada ya miezi kadhaa, mwenzetu mmoja aliyekuwa akifukua masanduku ya zamani alituletea picha ya darasa tulipokuwa kidato cha pili. Pembeni kabisa, nusu bega lake likiwa limekatwa na ukingo wa picha, amesimama msichana mwembamba aliyevaa ndara badala ya viatu vya shule. Mwalimu wetu wa darasa, ambaye sasa amestaafu, alimtaja bila kusita, na jina lilikuwa lile lile. Aliacha shule mwishoni mwa mwaka huo kwa kukosa karo. Mwalimu wa Hisabati tuliyempa jina la mzaha alikuja baada yake. Bweni liliungua yeye akiwa katika mashamba ya watu akichuma majani chai. Na kuhusu bawabu, ni nani asiyeweza kuusahau mguu wa mtu aliyemwona zaidi ya miaka ishirini iliyopita? Mtihani tuliompa haukupima ukweli wake. Ulipima ni nani aliyelipiwa karo hadi mwisho.

Dada huyo alirejea nchini kwa msaada wa watu wengine. Tulipomtuma mjumbe kumwomba radhi, alimkaribisha chai, akazungumza naye habari za mvua, na kurudi katika chama chetu akakataa katakata. Simlaumu.

Naomba nieleweke. Sisemi haya ili kuwatetea walaghai, wala sidai kwamba shaka yetu ilizuka hewani. Nani kati yetu hajawahi kupokea ujumbe wa mtu anayejifanya jamaa aliyelazwa hospitalini, au wa yule anayedai kuwa ametuma pesa kwa makosa na kuomba arudishiwe? Mwaka 2021 shirika la Mozilla Foundation lilichapisha utafiti wa Wakenya wawili, Odanga Madung na Brian Obilo, ulioonyesha jinsi watu walivyolipwa ili kuendesha kampeni katika Twitter dhidi ya majaji na wanaharakati walioupinga mpango wa BBI wa kuirekebisha katiba. Akaunti nyingi zilipaza sauti moja kwa wakati mmoja, na msomaji asiyejua angedhani kwamba ni umma wenyewe unaonguruma. Mtu aliyekwisha kudanganywa namna hiyo ana haki ya kuuliza, "Wewe ni nani?" Jamii isiyouliza swali hilo itauzwa sokoni huku ikishangilia.

Tatizo basi si swali. Tatizo ni kwamba tumechanganya mambo mawili ambayo wazee wetu waliyatenganisha: mtu anayelificha jina lake, na mtu anayeiba maisha ya mwenzake.

Kulificha jina si jambo geni katika lugha hii. Kurasa za mashairi za magazeti yetu, tangu enzi za Mambo Leo lililoanza kuchapishwa Tanganyika mwaka 1923, zimejaa lakabu, na hakuna aliyewahi kumshtaki malenga kwa kujibandika jina la ndege au la mnyama. Wako pia walioficha majina kwa sababu nzito zaidi. Mwaka 1968 kilisambazwa kwa siri kijikaratasi kilichoitwa "Kenya: Twendapi?", kikiuliza maswali ambayo serikali ya wakati huo haikutaka yaulizwe. Mshairi Abdilatif Abdalla alipopatikana kuwa ndiye mwandishi alifungwa, akakaa gerezani hadi mwaka 1972. Huko ndiko alikotungia mashairi ya Sauti ya Dhiki. Aliyesema wakati ule kwamba mwenye haki hafichi jina lake, bila shaka hakuwa na jela mbele yake.

Na hata huko Uingereza, wale dada watatu wa ukoo wa Brontë walichapisha kazi zao za kwanza kwa majina yasiyoonyesha kama ni ya wanaume au ya wanawake: Currer, Ellis na Acton Bell. Ulipoenea uvumi kwamba watatu hao ni mtu mmoja, Charlotte na Anne walifunga safari mwezi Julai mwaka 1848 hadi London, wakaingia katika ofisi ya mchapishaji na kujionyesha kwamba wao ni wawili. Mchapishaji aliwapokea kwa heshima. Lakini zingatia, msomaji, kwamba walikuwa na nauli ya gari la moshi, na walikuwa na mlango wa kubisha. Dada yetu wa Ghuba hakuwa na nauli wala pasipoti. Mlango mmoja aliokuwa nao ni ule tuliomfungia.

Kisa kinachozionyesha vyema pande zote mbili za jambo hili kilitokea mbali na kwetu, lakini mafunzo yake yanatuhusu. Mwaka 2011, wakati maandamano yalipokuwa yakipamba moto nchini Syria, walimwengu walianza kusoma katika mtandao maandishi ya mwanamke aliyejiita Amina Arraf. Alisema kwamba yeye ni Msyria mwenye asili ya Marekani pia, kwamba anaishi Damascus, na kwamba anapenda wanawake wenzake katika nchi ambayo jambo hilo ni hatari kulitamka. Alisimulia jinsi baba yake alivyowakabili usiku askari kanzu waliokuja kumkamata, akawafukuza kwa maneno matupu. Wasomaji waliguswa, na magazeti makubwa yakamwandika kama shujaa. Tarehe 6 Juni, mtu aliyejiita binamu yake alitangaza kwamba Amina ametekwa nyara na watu wenye silaha. Maelfu ya watu walipaza sauti wakitaka aachiliwe, na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ikaanza kumtafuta raia wake.

Hakupatikana, kwa kuwa hakuwapo. Andy Carvin, mwandishi wa redio ya umma ya Marekani, NPR, aliwauliza wasomaji wake swali moja jepesi: ni nani aliyewahi kukutana na Amina ana kwa ana? Hakujitokeza hata mmoja. Mwanamke mmoja mkazi wa London akajitokeza na kusema kwamba picha zilizosambazwa kuwa za Amina ni zake yeye, nazo zilichukuliwa bila idhini yake. Waandishi wa Electronic Intifada wakafuatilia anwani na picha, uzi kwa uzi, hadi zikawafikisha kwa Tom MacMaster, Mmarekani wa miaka 40 aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Kwanza alikana. Tarehe 12 Juni akakiri, akijitetea kwamba hata kama msimulizi ni wa kubuni, mambo aliyoyasimulia ni ya kweli.

Utetezi huo ndio unaonikera kuliko uwongo wenyewe. Mwezi ule ule wa Februari 2011 ambapo "Amina" alianza kuandika katika ukurasa wake, mahakama ya Damascus ilimhukumu kifungo cha miaka mitano msichana wa kweli, Tal al-Mallohi wa mji wa Homs, aliyezaliwa mwaka 1991 na ambaye alikuwa akiandika mashairi na makala katika ukurasa wake mwenyewe. Alikuwa kizuizini tangu Desemba 2009. Huyu alikuwa na jina, sura na wazazi waliomlilia. Hata hivyo yule wa kubuni ndiye aliyepata sifa nyingi zaidi duniani, kwa sababu alitungwa na mtu aliyejua vizuri masikio ya Wamagharibi yanataka kusikia nini. Mhariri mmoja aliyekuwa Damascus, ambaye naye alitumia jina la kupanga kwa ajili ya usalama wake, alilalamika kwa uchungu kwamba yeye na wenzake walijitia hatarini wakimtafuta mtu asiyekuwapo.

Tazama basi, msomaji. Huyo mhariri alikuwa na jina la bandia, na MacMaster alikuwa na jina la bandia. Mmoja alijificha ili aweze kusema yaliyompata. Mwingine alijificha ili adai kwamba yamempata yasiyompata. Wa kwanza amevaa barakoa; wa pili amevaa ngozi ya mtu. Anayetaka kuwapima kwa mizani moja atamwumiza asiye na hatia na kumwachia mwenye hatia nafasi ya kusema, "Mbona hata wao wanajificha?"

Lakini funzo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, limo katika namna MacMaster alivyofichuliwa. Waliomfichua hawakuanza kwa kicheko. Carvin alijua kwamba huenda kweli kuna mtu gerezani, na kwamba shaka ikitangazwa ovyo wanaopigania kuachiliwa kwake wangeweza kukata tamaa. Kwa hiyo aliuliza kwa tahadhari. Wale waliofuatilia anwani walimkabili mwenyewe kwa maswali, kisha wakaweka hadharani ushahidi ambao kila mtu angeweza kuupima kwa akili yake. Sasa fikiria kama wangefanya tulivyofanya sisi. Fikiria wangesema, "Kiingereza chake ni kizuri mno kuwa cha mwanamke wa Damascus," wakacheka, wakaenda zao. Wangekuwa wamepatia kwa bahati tu, na mkondo ule ule wa mawazo ungewafanya wamcheke pia Tal al-Mallohi.

Kuna watakaonijibu kwamba kejeli ni jadi yetu. Watanikumbusha kwamba Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alirushiana vijembe na washairi wa Lamu, na kwamba Waswahili hawajawahi kuuogopa ulimi mkali. Ni kweli. Lakini katika malumbano ya malenga kila upande ulikuwa na kalamu yake, na aliyepigwa kijembe alingojewa ajibu. Asiyejibu ndiye aliyehesabiwa kushindwa. Sisi tulimrushia mtu mmoja vijembe vya watu mia, kisha tukamfungia mlango kabla hajamaliza kuandika jibu. Hayo si malumbano, na ni aibu kuyapa jina hilo.

Wengine watasema, "Afadhali kumkosea mmoja wa kweli kuliko kutapeliwa na kumi wa uwongo." Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama kejeli ndiyo inayoilinda mifuko yetu. Haiilindi. Mweka hazina angeweza kuzuia fedha za chama hadi siku ya kiyama bila mtu yeyote kuandika ubeti hata mmoja wa dharau. Kunyima ni jambo moja na kudhalilisha ni lingine. La kwanza huenda likawa busara, na aliyenyimwa leo anaweza kupewa kesho baada ya kuthibitishwa. Aliyedhalilishwa hatarudi kuthibitisha chochote. Ndiyo maana mzaha ni adui wa uchunguzi: humfukuza shahidi kabla hajatoa ushahidi wake.

Tungefanya nini basi? Kwanza, tungemtafuta mmoja wetu, mwanamke mwenzake ikiwezekana, ampigie simu faraghani na kumsikiliza. Sauti ya mtu wa kwenu huijui kwa swali moja, lakini katika nusu saa utasikia mto, kanisa, msikiti na majina ya majirani.

Pili, tungechagua maswali yetu kwa akili. Swali la haki ni lile ambalo mkweli anaweza kulijibu na mwongo hawezi. Maswali yetu yalikuwa kinyume chake. Jina la mzaha la mwalimu limeandikwa na wenzetu mara nyingi katika Facebook, na tapeli hodari angelipata kwa dakika tano. Msichana aliyeacha shule kidato cha pili angelipata wapi? Tungemwuliza yeye atuambie anachokumbuka, badala ya kumtaka akumbuke tunachokumbuka sisi.

Tatu, tungezitafuta karatasi. Kila shule ina daftari la usajili, kila wakala wa ajira ana ofisi, na Kenya ina balozi zake katika nchi za Ghuba. Kama mtu ni mwongo, atakimbia mwenyewe pindi anapoombwa jina la mwajiri na la wakala aliyemsafirisha. Kama ni mkweli, majina hayo ndiyo yatakayomwokoa. Swali lile lile linamfukuza mlaghai na kumsaidia mwenye shida, na halihitaji kicheko.

Nne, na hili ndilo gumu, kama tumekosea tungelitangaza kosa letu kwa sauti ile ile tuliyoitumia kucheka. Katika kundi letu, siku ile picha ilipoletwa, watu waliocheka kwa pamoja walinyamaza kwa pamoja. Wachache waliandika "pole". Wengine waligeuza mazungumzo wakaanza kuulizana habari za mpira. Kicheko kilikuwa cha hadhara, lakini radhi tulimtuma mjumbe mmoja aipeleke kimyakimya, kana kwamba sisi ndio tuliostahili kufichiwa uso.

Simwambii mtu yeyote awaamini wote wanaobisha hodi. Dunia imeharibika, na walaghai wanatumia shida za wengine kama wavuvi watumiavyo chambo. Wafichuliwe, tena wafichuliwe bila haya, kama alivyofichuliwa MacMaster, kwa kuwa kila machozi ya uwongo hupunguza thamani ya machozi ya kweli. Lakini kazi hiyo ni ya ushahidi. Wanaoiingia kwa ajili ya kupata raha ya kumwona mtu akitahayari hawatafuti ukweli, wanatafuta mchezo, na mchezo huo hauna tofauti kubwa na ule wa mlaghai, maana wote wawili wanajifurahisha kwa shida ya mtu wasiyemjua.

Chama chetu sasa kimeandika kanuni: mgeni asiyekumbukwa ataulizwa faraghani na watu wawili, atapewa siku saba, na hatajadiliwa kundini kabla ya wawili hao kuleta taarifa. Ni kanuni ndogo, nayo imechelewa. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Watoto wetu nao wanasafiri, na iko siku mmoja wao, akiwa na simu ya kuazima katika nyumba isiyo yake, atawaandikia watu wasiomkumbuka. Nani atamwuliza maswali siku hiyo, na kwa sauti gani?